Muuza dawa afundishwe kuuliza

Mteja anaingia duka la dawa pale Ngarenaro, anaomba dawa ya kikohozi, anapewa chupa, analipa, anaondoka. Nguo zinanuka sigara na hakuna aliyemuuliza neno. Mafunzo ya wahudumu wa maduka ya dawa Arusha kuhusu kuwasaidia wateja kuacha sigara yaanzie hapo. Kushinda siku nzima mkitazama picha za mapafu meusi ni kupoteza muda, kwani mvutaji anajua kuwa sigara inaua.

Mhudumu ajizoeze swali mpaka limtoke bila kigugumizi: "Kaka, unatumia sigara au ugoro? Umewahi kufikiria kuacha?" Kwa mzee, shikamoo itangulie. Ugoro lazima utajwe, maana anayeunusa atajibu "sivuti" na atakuwa amesema kweli. Kikohozi kikiwa kimefikisha wiki 2, aelekezwe pia akapime kifua kikuu.

Akitaka kuacha, aulizwe: sigara ya kwanza unaivuta dakika ngapi baada ya kuamka? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, jojo ya nikotini (dawa ya kutafuna inayopunguza hamu ya sigara) ya miligramu 4 ndiyo inayomfaa. Akichelewa zaidi, ya miligramu 2. Kwa wiki 6 za mwanzo anatumia moja kila baada ya saa 1 hadi 2, zisizidi 24 kwa siku, kisha anazipunguza kidogo kidogo.

Kinachoharibu ni utafunaji. Watu huzitafuna kama jojo za dukani, nikotini inamezwa pamoja na mate, inaleta kwikwi na kichefuchefu, halafu mteja anarudi kulalamika kwamba dawa haifanyi kazi. Atafune taratibu mpaka asikie ukali kama wa pilipili, aibane kati ya shavu na fizi mpaka ukali upungue, atafune tena, hivyo hivyo kwa dakika 30 hivi. Dakika 15 kabla yake asile wala kunywa chochote, hasa kahawa na soda, kwa sababu asidi yake huzuia nikotini kupenya mdomoni. Darasani kila mhudumu apewe jojo ya kawaida na amwelekeze mwenzake hatua kwa hatua. Kusoma karatasi tu hakutoshi.

Kahawa ina jambo jingine, na kwa mji wenye kahawa na kashata kila kijiwe ni kubwa. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje haraka kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa. Mtu akiacha, vikombe vilevile vinamkosesha usingizi na kumpeleka moyo mbio, naye anadhani kuacha ndiko kunakomuumiza. Apunguze kahawa nusu. Aminofilini, dawa ya pumu, nayo hupanda mwilini vivyo hivyo, ila hapo mhudumu asijipangie dozi: anayeitumia amwone daktari wake kabla ya kuacha.

Hata duka lisilo na jojo hizo lina kazi ya kufanya: kumsaidia mteja kuchagua tarehe ya kuacha na kuiandika kwenye daftari pamoja na namba yake ya simu. Hamu huwa kali zaidi siku 3 za mwanzo, kwa hiyo apigiwe siku ya pili, si baada ya mwezi, kisha wiki ya kwanza na ya nne. Vocha ya simu hizo ni juu ya mwenye duka, na akubaliane na hilo kabla hajampeleka mhudumu wake kwenye mafunzo.