Kucheza Mpira ni Kitu Kimoja, Kuendesha Klabu ni Kingine

Kuna mkutano wa wanachama wa klabu moja ya mkoani ulioniudhi na bado sijapoa. Mgombea, beki wa zamani ambaye watu wa rika langu tulimpenda sana, aliulizwa na mama mmoja wa safu ya nyuma kwamba madeni ya klabu atayalipaje. Akajibu: "Mimi mpira nimeucheza, sijasimuliwa!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Yule mama akakaa, na swali lake likaishia hapo.

Tukidai mpira urudishwe kwa watu wa mpira, jina la kwanza kutajwa ni Leodegar Tenga. Ni haki yake. Alikuwa nahodha wa Taifa Stars ya Tanzania kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 1980 kule Nigeria, akaja kulichukua shirikisho la soka la nchi, TFF, mwishoni mwa 2004 likiwa limechoka kwa migogoro, akaliongoza hadi 2013. Lakini mbona hatusemi kwamba Tenga ni mhandisi? Kati ya kitambaa cha unahodha na kiti cha urais kulipita zaidi ya miaka ishirini, na hiyo miaka ndiyo iliyomjenga kiongozi.

Tazama na Kenya. Kipchoge Keino, dhahabu ya Olimpiki 1968 na nyingine 1972, aliiongoza kamati ya Olimpiki tangu 1999. Mzee hakutiwa hatiani kwa lolote, lakini ni chini ya uongozi wake ndipo timu ya Rio 2016 iliposafiri kwa vurugu: vifaa havikuwafikia wanamichezo wote, na mrusha mkuki Julius Yego alifika uwanja wa ndege akakuta hana tiketi. Mwaka 2017 kiti kikaenda kwa Paul Tergat, naye mkimbiaji, na ofisi ikaanza kutulia. Wote wawili walikimbia. Basi mbio siyo kipimo.

Kinachoziua klabu zetu ni karatasi. Kanuni za FIFA ziko wazi: mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi miwili, anaiandikia klabu barua, anaipa siku 15, kisha anavunja mkataba kihalali na kudai fidia. Hukumu ikitoka, klabu ina siku 45 za kulipa, vinginevyo inafungiwa kusajili, hata kwa vipindi vitatu vya usajili mfululizo. Ile barua ikifika ofisini inatakiwa imkute mtu anayejua kwamba siku zimeanza kuhesabiwa. Badala yake inawekwa kwenye droo, kiongozi anampigia mchezaji simu: "Vumilia mdogo wangu, hata sisi enzi zetu tulicheza bila mshahara." Miezi inapita, adhabu inashuka, mashabiki wanalia na FIFA. Huyo kijana ana mama anayemtegemea na kodi ya nyumba. Anastahili bosi anayesoma barua!

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mchezaji wa zamani anaona yasiyoonekana na mhasibu. Anajua posho ikichelewa Ijumaa, Jumapili miguu inakuwa mizito. Kalusha Bwalya, mchezaji nyota wa zamani, alikuwa rais wa chama cha soka Zambia walipobeba AFCON ya 2012, sitambeza.

Ila mtu afundishwe kwanza. Edwin van der Sar, kipa maarufu wa Uholanzi, alistaafu 2011, na Ajax, klabu yake ya zamani, pamoja na jina lote lile, walimweka kwanza idara ya masoko. Ukurugenzi mkuu aliupata 2016, na 2019 walikuwa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Kwetu mchezaji akitundika daluga tunamwonyesha njia moja tu, kozi za ukocha za CAF, shirikisho la soka la Afrika, kana kwamba klabu nzima ni benchi la ufundi. Mpeni meza ya usajili. Mpeni hesabu za mapato ya mlangoni, akae chini ya mtu anayeijua kazi, aulizwe kila mwisho wa mwezi fedha zimekwenda wapi. Baada ya miaka mitatu au minne ya hivyo, aje agombee. Kura yangu anayo.