Kanga Nyekundu kwenye Taa ya Mbele

Gari langu dogo la Kijapani, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumiwa na watu nisiowajua, lilianza kupata mtoto wa jicho mwaka wa tatu tangu lifike Tanga. Hulala nje ya nyumba yetu, Chumbageni, chini ya mkungu ambao kivuli chake hukinga upande mmoja tu, na kwa sababu hiyo taa ya kulia, iliyopigwa na jua mchana kutwa, ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ilhali ya kushoto ilikuwa na ukungu mwepesi tu. Usiku nilikuwa naiona barabara vizuri zaidi kwa kumbukumbu kuliko kwa macho.

Fundi rangi mmoja wa Ngamiani alinieleza kwa upole kwamba kioo cha taa za siku hizi si kioo, bali ni plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga na jua, na utando huo ukishakufa ndipo plastiki yenyewe huanza kuwa ya manjano. Tiba yake, alisema, ni kuupiga msasa utando wote uliokufa, kuing'arisha taa, kisha kuipaka klia mpya, yaani rangi angavu ya kuchukua nafasi ya ule utando. Alitaka shilingi 30,000 kwa taa zote mbili. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya msingi. Nilijumlisha bei ya misasa michache, ndoo ya maji na nguvu zangu mwenyewe, nikapata shilingi 4,000, nikamshukuru na kwenda zangu.

Nilianza na dawa ya meno, kama waanzavyo wengi. Taa iling'aa kwa siku tatu huku ikinukia mnanaa, kisha ukungu ukarudi, na watoto wakapiga mswaki kwa chumvi hadi mwisho wa mwezi. Sitaongeza neno juu ya hilo.

Alhamisi jioni nikanunua misasa ya maji ya namba 400, 1000 na 2000. Nyumbani nilikuwa na kipande cha namba 80 kilichobaki siku seremala alipotutengenezea kitanda. Hapo ndipo elimu yangu iliponiponza. Msumari wa inchi 4 ni mkubwa kuliko wa inchi 2, kiatu cha namba 42 ni kikubwa kuliko cha namba 38, na sufuria nazo ni vivyo hivyo. Basi nikahitimisha, kwa uhakika wa mtu aliyezoea kusahihisha wenzake kwa kalamu nyekundu, kwamba msasa wa 2000 ndio wenye meno makubwa kuliko yote, na kwamba ule wa 80 ndio wa kumalizia, kwa ajili ya ulaini.

Nilibandika utepe wa karatasi kuizunguka taa nzima ili nisikwaruze rangi ya boneti wala bampa. Hilo nililifanya vizuri sana, na naomba likumbukwe.

Msasa wa 2000 ulipita juu ya taa kama kiganja cha mama juu ya mgongo wa mtoto, na maji yakatiririka yakiwa na umanjano hafifu tu, nikaona kwamba mwenye duka ameniuzia karatasi iliyochakaa. Nikahamia 1000, maji yakawa kama tui la pili. Nikahamia 400, yakawa kama tui la kwanza. Vidole vyangu vilikuwa vikinieleza waziwazi kwamba kila karatasi ni kali kuliko iliyoitangulia, lakini mwalimu wa hisabati hasikilizi vidole penye namba. Nikauchukua ule wa 80, nikausugua kwa mzunguko na kwa bidii, na sauti iliyotoka ilikuwa ile ya mbuzi inapokuna nazi kavu. Mzee mmoja wa mtaani, aliyekuwa akipita na baiskeli, alishuka, akaiegemeza kwenye mkungu, akatazama kwa muda.

"Mwalimu, unakuna taa?"

"Nailainisha, mzee wangu."

"Haya," alisema, akapanda baiskeli yake na kuendelea na safari, bila kunisaidia wala kunicheka mbele yangu, kama ulivyo ustaarabu wa mji huu.

Taa ilipokauka, ilikuwa na mikwaruzo ambayo ukucha ungeweza kunasa ndani yake. Siku ya pili yake, kijana wa bodaboda ambaye huegesha karibu na shule alinionea huruma, akaninong'oneza siri ya kijiweni: dawa ya mbu ya kupaka mwilini. Alipakaza kidogo pembeni kwa kitambaa, na kweli, pale alipogusa pakang'aa. Ambacho hakunieleza, na labda hakukijua, ni kwamba dawa za namna hiyo zenye kemikali ya DEET hung'arisha plastiki kwa sababu zinaiyeyusha ngozi ya juu, na kwamba mtu akizidisha, plastiki hulainika na kunata. Mimi nilizidisha. Nilimimina chupa nzima, kisha, kwa kuwa nilimkumbuka marehemu bibi yangu na jinsi alivyokuwa akitukanda uvimbe kwa kitambaa chenye dawa na kukiacha hapo hadi asubuhi, nikaona busara kuifunga taa iloane usiku kucha. Umeme ulikuwa umekatika. Nikapapasa kwenye kamba ya kuanikia nguo, nikapata kitu laini chenye unyevu, nikakikaza juu ya taa kwa mpira wa baiskeli, nikaenda kulala nikiwa na matumaini makubwa.

Kile kitu laini kilikuwa kanga. Haikuwa kanga kuukuu ya kupigia deki. Ilikuwa kipande kimoja cha doti mpya, nyekundu, ambayo mke wangu alikuwa ameiloweka kwenye maji ya chumvi ili isichuje rangi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa sare ya yeye na ndugu zake katika harusi ya Muheza siku iliyofuata. Ilikuwa imeandikwa "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Chumvi ilikuwa bado haijamaliza kazi yake, lakini dawa ya mbu ilikuwa imemaliza ya kwake. Nilipoivuta asubuhi, ilikataa kutoka. Nilipoivuta kwa nguvu, ilitoka huku ikiacha nyuzi na wekundu wake kwenye taa, nayo taa ikaiachia kanga doa gumu lenye upana wa sahani.

Mke wangu alisimama mlangoni na kipande cha pili mkononi. Aliitazama taa, akanitazama mimi, akaitazama tena taa.

"Baba watoto, nijitande hiki, nijifunge gari?"

Kwenda Muheza si mbali, hazifiki hata kilomita 40, lakini sijawahi kuendesha safari ndefu kuliko ile. Alizungumza mara moja tu, tulipofika Pongwe, kuniambia nifunge dirisha.

Tulirudi usiku. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba wekundu ule ungefifia mbele ya mwanga, kumbe mwanga ndio uliokuwa ukisubiriwa. Taa ya kushoto ilitoa mwanga wake wa kawaida wa kizee, na ya kulia ikawaka nyekundu kama jicho la mtu aliyekesha ngomani. Kila aliyekuja mbele yetu alipunguza mwendo, kwa sababu nyekundu ni ya nyuma ya gari, na mtu akiiona mbele yake huamini kwamba chombo kinamkimbia, hadi agundue kwamba kinamjia. Karibu na kuingia mjini, askari wa trafiki alitusimamisha. Alilizunguka gari polepole, akafika nyuma, akarudi, akainama kwenye dirisha langu.

"Mzee wangu, samahani, hapa ndipo mbele?"

Nilimhakikishia kwamba ndipo. Akarudi kwenye taa na tochi yake, akapinda shingo, kwa kuwa herufi tatu za mwisho za neno "abiria" zilikuwa zimejichapa kinyume kwenye plastiki, naye alikuwa akijaribu kuzisoma.

"Mweleze tu, baba watoto," mke wangu alisema kutoka kiti cha pili. "Mweleze ni kanga."

Alituachia kwa sharti kwamba gari lisionekane tena barabarani usiku kabla ya kurekebishwa, na nadhani alifanya haraka kutuachia ili apate kucheka.

Jumatatu nilirudi Ngamiani. Fundi hakuuliza lolote, alipitisha kidole juu ya taa, akasema, "Themanini." Kisha akaanza na msasa wa 400, akaja 800, 1000, 1500 na kumalizia na ule wangu wa 2000, kila mara kwa maji ya sabuni na kila karatasi akiipeleka upande tofauti na iliyopita, ili aone mikwaruzo ya kwanza inapokwisha. Wekundu uliondoka mapema. Mifereji yangu ndiyo iliyomchukua saa nzima na zaidi. Alipokuwa akisugua kwa kampaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia, nilimuuliza, kwa sauti ya chini, hizo namba maana yake ni nini.

"Ni chekecheke, mwalimu. Ni matundu mangapi yanaingia kwenye inchi moja. Yakiwa mengi, yanakuwa madogo, na punje inayopita inakuwa ndogo."

Nilikaa kimya juu ya kopo la rangi nililokuwa nimekalia. Asili, ile namba ya chini, ikikua, thamani ya sehemu hupungua: moja ya themanini ni kubwa kuliko moja ya elfu mbili. Hilo nililifundisha darasa la tano muhula huohuo, na waliokosa niliwarudishia madaftari.

Baada ya klia kukauka, fundi alichukua kile kipande changu cha namba 80, akakigeuza, akaniandikia hesabu mgongoni kwa kalamu ya seremala: taa ya kushoto, 15,000, taa ya kulia, 15,000, kuondoa kazi ya mwalimu, 20,000. Mke wangu, baada ya kununuliwa doti nyingine, alikiomba kipande hicho, na sasa kimechomekwa kwenye fremu ya kioo cha chumbani, upande wa maandishi ukiwa nje.