Pilau ya Idi kwa Watu Watatu

Jioni ya kuamkia Idi el-Fitri iliyopita, nikiwa sokoni nanunua bizari nzima, jamaa yangu mmoja aliniuliza nahangaikia nini, ilhali nyumbani tuko watu watatu tu na pilau ya kuagiza huletwa hadi mlangoni. Maneno yale yaliniuma, na mpaka leo yananiuma.

Bibi yangu, aliyezaliwa na kuzikwa Tanga, hakupima mchele kwa kilo. Alipima kwa kibaba, na alipobaki peke yake na babu, kibaba 1 kiliwatosha na Idi yao ikawa Idi. Hata zakatul-fitri tunaitoa kwa kuhesabu vichwa, pishi 1, yaani vibaba 4, kwa kila mtu wa nyumbani, awe mzee au mtoto mchanga. Iweje basi uchache wa vichwa uwe sababu ya kutowasha jiko?

Ugumu upo, ila ni wa ufundi. Mchele wa nusu kilo hautaki nusu kamili ya maji ya kilo nzima, kwa kuwa sufuria ndogo nayo hutoa mvuke wake, na asiyeongeza supu kidogo atapakua wali wenye viini. Vitunguu navyo, vikiwa vichache, huiva na kuungua upesi, kwa hiyo mpishi haondoki jikoni hata kidogo mpaka viwe hudhurungi, maana rangi ya pilau hutoka humo. Binti yangu wa miaka tisa husimama nami hapo. Siku hiyo alinusa, akasema, "Mama, tayari, tia thomu," nami nilikuwa bado sijafumbua mdomo. Ujuzi huo sikuupata katika maandishi yoyote, naye hataupata katika chakula kilichofungwa kwenye boksi.

Nakubali kwamba mwanamke aliyefunga mwezi mzima huku akienda kazini, tena asiyejua kama kesho ni Idi mpaka mwezi utangazwe usiku, ana haki ya kupumzika. Makaa pia ni ghali. Lakini kwetu mume wangu humenya viazi na kukata kachumbari, na kazi huisha kabla ya adhuhuri.

Nikishapalia makaa juu ya kifuniko, tunasubiri pamoja. Utotoni tulikuwa kumi na wawili tukigombea ukoko. Sasa naubandua chini ya sufuria taratibu, naugawa mapande matatu, na binti yangu anachagua la kwanza.