Dola ya Wahehe ilijengwa na watu wawili, ikaanguka na mmoja

Wanaosema jamii zetu za zamani zilihitaji mtawala mmoja mwenye amri huwa na mfano mzuri mkononi: vita vya Lugalo, huko Uhehe, eneo la Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa, mtwa (yaani mtawala mkuu) wa Wahehe, waliuvizia msafara wa kamanda Mjerumani Emil von Zelewski na kuufyeka, Zelewski mwenyewe akiwemo. Kuwaficha watu wengi hivyo vichakani, wote wakingoja ishara moja, si kazi ya koo ambazo kila moja ina msemaji wake. Hapo sina ubishi.

Ila dola hiyo haikuwa ya kale kama tunavyopenda kuamini. Hadi katikati ya karne ya 19, Uhehe ulikuwa na watawala wadogowadogo wengi. Baba yake Mkwawa, Munyigumba, ndiye aliyewaweka chini ya mkono mmoja, kwa vita na kwa ndoa. Maeneo yalisimamiwa na wanzagila, watawala wadogo ambao kibali chao kilitoka kwa mtwa. Mfumo huo ulikuwa mwepesi kukusanya jeshi na dhaifu mno siku mtwa anapokufa. Munyigumba alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1870, mkwewe Mwambambe aliwania madaraka, na urithi ukaamuliwa kwa mikuki.

Kisha kuna majirani, ambao wasimuliaji wa Lugalo huwaruka. Wasangu walikuwa wamesukumwa na Wahehe kutoka nchi yao. Wajerumani walipofika, mtawala wao, Merere, aliona amepata mshirika. Kumwita msaliti ni rahisi kwa asiyewahi kufukuzwa kwao. Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, pamoja na ukuta wake wa mawe, ilitekwa na Wajerumani Oktoba 1894.

Kinachonipa taabu zaidi ni miaka iliyofuata. Mkwawa hakuwa tena na makao wala hazina, lakini watu waliendelea kumficha na kumlisha hadi Julai 1898, alipojiua asikamatwe. Woga peke yake hauelezi hilo. Wajerumani walijaribu kumtawaza ndugu yake Mpangile, kisha wakamnyonga mwaka 1897 wakimshuku kuwa anamsaidia Mkwawa. Kwa hiyo utii ulikuwa wa kweli, lakini ulimshikilia mtu zaidi ya kiti. Alipokufa, vita vikaisha.

Linganisha na Maji Maji, vita vya watu wa kusini dhidi ya Wajerumani. Wamatumbi, walioanza vita hivyo, hawakuwa na mfalme. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu maji ya kinga, alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga, na vikaendelea kusambaa kusini hadi 1907. Hapakuwa na kichwa kimoja cha kukata. Wala hapakuwa na mtu mmoja wa kusema basi, hata njaa ilipoanza kuua wengi kuliko risasi. Wanaousifu utawala wa wazee na koo wasiiruke sehemu hiyo.

Mimi naegemea upande wa mamlaka kuu, kwa sharti kwamba pawe na wa kuihoji. Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, walifanya kinyume: mwaka 1926 walimrudisha Sapi, mwana wa Mkwawa, kitini, lakini akawajibika kwa mkuu wa wilaya, aliyeweza kumwondoa. Cheo kikabaki, watu wakazidi kukosa sauti juu yake. Ndiyo maana utemi, yaani vyeo vya watawala wa jadi kama mtwa, ulipofutwa Tanganyika mwaka 1963, wengi waliuona kama tawi la serikali ya mkoloni. Spika wa Bunge wakati huo alikuwa Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtwa.