Ridhaa ya Shilingi Elfu Saba

Kila linapozuka sakata la data za watu, viongozi wetu wana jibu moja: wananchi waelimishwe. Wafundishwe kusoma masharti kabla ya kubonyeza "Kubali", wajue thamani ya taarifa zao, waache kugawa namba ya kitambulisho ovyo. Nimelisikia jibu hilo miaka nenda miaka rudi na silikubali. Nilikuwa Nairobi wiki ile ya mwisho ya Julai 2023, Worldcoin ilipotua jijini kwa kishindo, na watu niliowaona wakipanga foleni kwenye jumba la mikutano la KICC hawakuwa wajinga. Walikuwa wamepiga hesabu.

Kwa waliosahau: Worldcoin, ambayo siku hizi inaitwa World, ni mradi wa sarafu ya kidijitali ambao mmoja wa waasisi wake ni Sam Altman, yuyo huyo wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, na unaendeshwa kupitia kampuni ya Tools for Humanity. Ulizinduliwa duniani tarehe 24 Julai 2023 kwa ahadi ya kumpa kila binadamu kitambulisho cha kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa kweli, si roboti. Ili ukipate, unasimama mbele ya mashine ya mviringo ya rangi ya fedha, unaikodolea macho, inapiga picha mboni zako. Wakati ule simu ilipokea tokeni 25, yaani vipande 25 vya sarafu hiyo, ambazo siku zile zilikuwa na thamani ya kama Ksh 7,000.

Mwezi huohuo VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Nauli zikapanda, unga ulikuwa ghali, maandamano yalikuwa yamefunga biashara siku kadhaa. Ndipo akatokea mtu anayegawa shilingi elfu saba kwa kuangalia tu. Foleni ilianza mapema asubuhi: vijana wa chuo, wa bodaboda, kina mama wenye watoto mgongoni. Kando yao walikuwepo wanunuzi, wanaochukua tokeni zako na kukutumia pesa kwa M-Pesa papo hapo, kwa bei wanayoitaka wao.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kwenda. Nilipomuuliza kama alijua picha ya jicho lake inapelekwa wapi, alinijibu bila kukasirika: "Anko, hii simu inajua ninapolala, inajua nani nimempigia na nimekopa pesa ngapi. Hao wa jicho wataniongezea shida gani? Mimi nimelipa nyumba."

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko ripoti yoyote niliyosoma kuhusu faragha. Kampuni kubwa za teknolojia hupenda kutuonyesha idadi ya watumiaji wao kama ushahidi kwamba tunaziamini. Mpwa wangu anahesabiwa humo. Lakini hakuna siku aliyomwamini yeyote kati yao. Amekata tamaa tu, akaona kwamba kama vyake vimeshachukuliwa bure, afadhali hiki kimoja kilipiwe. Kumpeleka kijana huyo kwenye semina ya kulinda data ni kumpotezea muda. Anachokosa ni uwezo wa kusema hapana bila kulala nje.

Hapo ndipo ugomvi wangu na neno ridhaa unapoanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa itolewe kwa hiari, mtu akijua anachokikubali. Mtu mwenye kodi ya nyumba iliyopitiliza, ukimwekea shilingi elfu saba mezani, hiari yake iko wapi? Tena kwa kitu kisichorudi. Nenosiri likivuja unalibadilisha jioni hiyohiyo. Kadi ya benki ikiibwa unapewa nyingine. Mboni ya jicho unazikwa nayo.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi. Wakati wa uzinduzi ule, wakazi wa Marekani, nyumbani kwa kampuni yenyewe, hawakuruhusiwa kupewa tokeni hizo, kwa sababu kampuni iliogopa msimamo wa wasimamizi wa kule kuhusu sarafu za kidijitali. Kule sheria ilihofiwa kabla haijavunjwa. Kwetu, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilikuwa imeshaiagiza kampuni tangu Mei isimamishe ukusanyaji, na Julai foleni zikajaa katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka Bunge. Serikali ilisitisha shughuli hizo tarehe 2 Agosti. Kufikia hapo Wakenya zaidi ya 350,000 walikuwa wamesajiliwa.

Nawashukuru kwa dhati walioipeleka kesi mahakamani, Taasisi ya Katiba (Katiba Institute) wakiwa mbele. Tarehe 5 Mei 2025, Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamuru data hizo za kibayometria, yaani za alama za mwili, zifutwe ndani ya siku saba chini ya usimamizi wa Kamishna. Alikuta kwamba tathmini ya athari, yaani uchunguzi wa madhara yanayoweza kuwapata watu, ambayo sheria inaitaka kabla data nyeti kama hizi hazijaguswa, haikufanywa inavyotakiwa, na kwamba ridhaa iliyovutwa kwa sarafu ya kidijitali haikuwa ridhaa halali. Brazil nayo ilikuwa imefika hapo mapema: Januari 2025 mamlaka yao ya ulinzi wa data, ANPD, ilipiga marufuku kuwalipa watu ili wakubali kupigwa picha za mboni, kwa hoja kwamba malipo yanaharibu uhuru wa mtu kuamua, hasa mtu mwenye dhiki. Nilifurahi kuona nchi mbili zilizo mbali hivi zikisema kitu kimoja.

Hata hivyo, hukumu ilikuja karibu miaka miwili baada ya foleni. Na ukifungua kifungu cha 63 cha sheria yetu utaelewa kwa nini kampuni kubwa hailali macho wazi kwa ajili ya Nairobi. Faini ya juu kabisa ambayo Kamishna anaweza kutoza ni shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kati ya viwili hivyo kile kilicho kidogo. Soma tena hayo maneno ya mwisho. Kampuni ikiwa na mapato ya mabilioni ya dola, bado haiwezi kutozwa zaidi ya milioni tano, ambazo kwa viwango vya sasa hazifiki dola 40,000. Umoja wa Ulaya umeweka euro milioni 20 au asilimia nne ya mapato ya dunia nzima, kile kilicho kikubwa. Ndiyo maana Mei 2023 Meta ilitozwa euro bilioni 1.2 nchini Ireland kwa kuhamishia Marekani data za watumiaji wa Ulaya.

Sheria yetu si kwamba haina meno kabisa. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Nairobi Ksh 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, kilabu kimoja Ksh 1,850,000 kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni, na kampuni ya mikopo ya simu Ksh 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa watu wengine. Nilizipongeza faini hizo na bado nazipongeza. Lakini zitazame kwa pamoja: shule inakaribia dari ya faini yote ambayo jitu la teknolojia la Silicon Valley, Marekani, lingeweza kutozwa. Mwalimu mkuu anaumia, bilionea hahisi kitu. Mwananchi akiliona hilo, mtamwambiaje aamini?

Majirani zetu nao wana sheria sasa. Uganda ilipitisha yake 2019, Rwanda 2021, na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023. Ni hatua njema, na kila mmoja angefaa kuuliza mapema swali hili la faini, mashine inayofuata isije ikamkuta hajajiandaa.

Ninachodai kwa Bunge ni mambo machache. Kifungu cha 63 kirekebishwe, "kilicho kidogo" kiwe "kilicho kikubwa". Kumlipa mtu ili atoe jicho, uso au kidole chake kuharamishwe kwa maandishi, tusisubiri jaji mwingine. Tathmini ya athari iwekwe hadharani kabla ya mashine kushushwa kutoka kwenye gari, ili mwandishi wa habari na mwanafunzi wa sheria waisome. Na mahakama inapoamuru data zifutwe, Kamishna amtumie kila aliyesajiliwa ujumbe kwenye simu yake, umwambie kilichofutwa, tarehe kilipofutwa, na nani alishuhudia.