Je, kila jino lililotibiwa mzizi linahitaji taji?

Mtu anayemaliza tiba ya mzizi wa jino huinuka kitini akiwa na nafuu ya maumivu na agizo moja: arudi avishwe taji, au kofia ya jino kama wengi wanavyoiita. Sababu anayopewa mara nyingi ni kwamba jino likishatolewa mshipa huwa limekufa, hukauka, na siku moja litavunjika kama kijiti kikavu. Wapo wanaolipokea agizo hilo bila swali, na wapo ambao, kwa kuwa jino haliumi tena, huliona kuwa gharama ya ziada na hawarudi. Naona pande zote mbili zinapotoshwa na sababu ileile. Hoja ya ukavu ndiyo dhaifu kuliko zote zinazotolewa kutetea taji, na anayeishikilia atavika taji meno yasiyolihitaji, huku mwenye gego linalolihitaji kwa kweli akiachwa bila kuelewa hatari iliyopo.

Mwaka 1992 watafiti Sedgley na Messer walilinganisha meno yaliyotibiwa mizizi na meno hai ya upande wa pili wa kinywa cha mtu yuleyule, wakapima ugumu wa dentini, yaani tabaka gumu la ndani ya jino, na nguvu inayohitajika kuivunja. Tofauti walizozipata hazikutosha kusema kwamba jino lililotibiwa limekuwa jepesi kuvunjika kwa sababu tu ya kukosa mshipa. Kabla ya hapo, mwaka 1989, Reeh, Messer na Douglas walikuwa wamepima magego madogo yaliyokwisha kung'olewa ili kujua kila hatua ya matibabu inalipunguzia jino uthabiti kwa kiasi gani. Tiba ya mzizi yenyewe ilipunguza asilimia 5 hivi. Shimo la kuziba lililochongwa juu ya jino lilipunguza asilimia 20. Shimo linalopita katikati na kubomoa kingo zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zile zinazogusana na meno jirani, lilipunguza asilimia 63. Takwimu hizo zinaeleza mengi, kwa sababu zinaonyesha kwamba jino linadhoofishwa na kuta zilizopotea, na kuta hizo kwa kawaida zilikwisha kuliwa na uozo kabla daktari hajagusa mzizi.

Litazame gego lililofika katika hali hiyo. Vilele vyake, yaani zile ncha za juu za kutafunia, vimebaki vimesimama pande mbili, upande wa shavu na upande wa ulimi, na katikati yake kuna kizibo kilichojaza nafasi ya kingo zilizooza. Kila mtu anapotafuna, gego la upande wa pili hukandamiza katikati na kuvisukuma vilele vitanuke, kama kabari inavyofanya kwenye gogo. Havivunjiki siku hiyo. Hupinda kidogo, hurudi, hupinda tena, maelfu ya mara, mpaka ufa mwembamba uanze chini ya kizibo. Ufa ukikimbilia pembeni, kipande kitamegeka juu ya fizi na jino linaweza kutengenezwa upya. Ukishuka wima na kupasua sakafu ya jino hadi kati ya mizizi, hapana tena la kufanya ila kung'oa, hata kama tiba ya mzizi ilifanywa kwa ustadi. Taji huvikumbatia vilele vyote kwa pamoja na kuvizuia visitanuke, na hiyo ndiyo kazi yake hasa.

Takwimu kutoka kwa wagonjwa zinaelekea upande huohuo. Sorensen na Martinoff walichunguza meno 1,273 yaliyotibiwa mizizi na kuchapisha matokeo yao mwaka 1984: kufunika vilele kuliyasaidia sana magego makubwa na madogo, lakini kwa meno ya mbele taji halikuongeza faida ya maana. Mwaka 2002 Aquilino na Caplan walieleza kwamba meno yasiyovikwa taji yalipotea kwa kasi mara 6 ya yale yaliyovikwa. Miaka miwili baadaye, kumbukumbu za bima nchini Marekani zilizochambuliwa na Salehrabi na Rotstein, zikihusu meno zaidi ya milioni 1.4, zilionyesha kwamba asilimia 97 yalikuwa bado kinywani baada ya miaka 8, na kati ya yaliyong'olewa asilimia 85 hayakuwa na taji.

Hata hivyo, mwenye shaka ana hoja nzito. Katika tafiti hizo za wagonjwa hakuna aliyeamua kwa bahati nasibu jino lipi livikwe taji na lipi liachwe. Daktari huvika taji jino analoliona lina matumaini, na mgonjwa anayerudi kulipia ndiye pia, mara nyingi, anayepiga mswaki vizuri na kuhudhuria miadi. Basi sehemu ya ile tofauti ya mara 6 huenda ni ya mgonjwa na wala si ya taji. Mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyorudiwa mwaka 2015, yalipata jaribio moja tu lililogawa wagonjwa kwa bahati nasibu, lenye watu 117 na muda wa miaka 3, likihusu magego madogo, na hayakuona ushahidi wa kutosha kuipendelea njia yoyote. Zaidi ya hayo, taji kamili nalo hula jino: kulichonga ili taji liingie huondoa kati ya theluthi mbili na robo tatu hivi ya uzito wa sehemu inayoonekana. Na pale ukingo wa taji unapokutana na jino, uozo unaweza kuanza tena mahali ambapo jicho halifiki.

Nikizipima hoja hizi, uzito nauweka kwenye kuta. Jino la mbele lililobaki zima, ila tundu dogo la nyuma, lizibwe vizuri na liachwe bila taji. Gego lililopoteza ukingo mmoja au zote mbili lifunikwe vilele, ingawa si lazima kwa taji kamili, kwa kuwa kifuniko cha vilele pekee hulinda huku kikiacha kuta za pembeni bila kuchongwa. Na pale ambapo juu ya fizi hakujabaki mkanda wa jino lenyewe wa milimita 2 hivi ambao taji litaushika, mgonjwa aelezwe wazi kwamba taji hilo halina msingi. Nguzo inayopigiliwa ndani ya mzizi hushikilia kizibo tu na hailiongezei jino nguvu.

Kwa gego lililopoteza kingo, muda nao una uzito wake. Kizibo cha muda hulika na kuvuja baada ya wiki chache, mate na bakteria hupenya hadi kwenye mifereji iliyosafishwa, na vilele vinaendelea kutanuka kila mlo. Kwa hiyo, hata kama taji litasubiri fedha, kizibo cha kudumu kisisubiri, na vilele vilivyo vyembamba vipunguzwe kimo na kufunikwa nacho siku hiyohiyo.