Madeni ya dukani yaliposomwa kanisani (hili ndo toleo la kweli)

Jamani kabla simu yangu haijapasuka kwa kupigiwa, ile stori mliyosikia kwa yule muuza chipsi siyo. Eti nilipanga, eti "Mangi kahamishia ofisi ya madeni madhabahuni ili watu waaibike walipe". Sijapanga chochote mimi. Ningepanga ningeanza na yeye maana anakaangia mafuta yangu na hela yenyewe naisikia kwenye maombi tu. Na afu mi sio Mchaga, nimeshasema, mi Mnyakyusa wa Tukuyu, ila ukishafungua duka Kimara basi wewe ni Mangi mpaka wakuzike.

Haya sikilizeni.

Mnajua mama yangu alikuja mjini kwa ajili ya jicho. Mtoto wa jicho, amekaa nalo weee, anasema ni uzee tu, anamimina chai nje ya kikombe anasema kikombe ndo kibovu. Tukampeleka akafanyiwa operesheni, wakatoa ile lenzi yenye ukungu wakamwekea ya kutengenezwa, kesho yake wanamtoa bandeji mama ananikazia macho anasema, "Mwanangu, mbona umezeeka hivi?" Nikacheka, nikatoka nje ya wodi, nikalia. Hiyo sikumwambia mtu, mmeijua leo. Nikasema hapana, hili haliwezi kupita kimyakimya, Jumapili natoa sadaka ya shukrani na mama atakaa benchi la mbele aone kwa macho yake mawili.

Kwa wale wa makanisa mengine, pale kwetu usharikani, sisi Walutheri, ukitaka kutoa shukrani unaandika kwenye karatasi unachomshukuria Mungu, unaambatanisha na bahasha, mzee wa kanisa wa zamu anasoma mbele, watu wanaitikia. Sasa mi naandika Jumamosi usiku, umeme umeisha (na Luku nauza mimi mwenyewe, chekeni tu), simu nimeing'ata mdomoni inamulika tochi, nikachana karatasi kwenye kaunta buku la dukani. Upande nilioandikia ulikuwa mweupe pe. Nikaandika vizuri kabisa, mama, jicho, madaktari, nikaweka na Zaburi 103, "Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." Nafasi ikaniishia chini nikamalizia na "na mengine mengi".

Hayo mengine mengi ndo yaliyoniua.

Ila kuna kitu lazima mkijue kuhusu daftari la madeni. Mtaa mmoja una Mama Neema kibao, na wengine majina yao huyajui kabisa, kwa hiyo unamwandika mtu kwa alama. Ni mambo ya mimi na daftari, hayamhusu mtu wa tatu. Wenye maduka wenzangu niteteeni jamani, msinyamaze.

Zamu ilikuwa ya mzee mmoja mwenye suti ya kijivu, ana sauti ya redio ya zamani, ukisikia akisoma matangazo ya mazishi unatamani kufa. Akasoma ya kwangu kwa uzito wake wote. Mama akasimamishwa, vigelegele, kinamama wakapunga vitenge, mama anatabasamu anaangalia watu kama anawahesabu. Mi nimefura kifua. Nikasema moyoni, Bwana, hapa sasa.

Akafika, "na mengine mengi." Akanyamaza. Akaiangalia karatasi. Nikamwona analamba kidole.

Jamani, mtu akilamba kidole anageuza ukurasa.

Nikaiona ile karatasi inageuka na pale pale nikaona mwandiko wangu wa kalamu nyekundu kwa mbali, na nyekundu dukani kwangu ina maana moja tu. Nikataka kusimama, miguu ikasema we nenda, sisi tunabaki. Nikakohoa. Nikanyanyua mkono kumpa ishara aache, akaniona, akanitikisia kichwa kwa upendo, alidhani nimeguswa.

"Na mengine mengi," akasema. "Kiatu Chekundu, mchele kilo mbili."

"AMINA!"

Kanisa zima! Wakati huo sikukuu ya mavuno iko karibu, nadhani watu walijua nimeleta mchele.

"Mama Nitakuletea Jioni, mafuta ya kupima nusu, mayai sita, pampasi pisi nne."

Amina ikatoka lakini imepungua, imekuwa ya wale wa nyuma ambao huwa wanaitikia tu hata wakitangaziwa gari limeziba njia. Mbele watu wameanza kuangaliana.

"Besi Asiyejua Kuimba, vocha ya buku. Vocha ya buku. Vocha ya buku."

Hapo kwaya ikavunjika. Soprano mmoja akazama nyuma ya kitabu cha nyimbo, kitabu kinatetemeka. Besi wako wanne, wote wanne wanaangaliana, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole, na mi namjua ni nani na yeye anajijua, alikuwa anacheka kuliko wote.

Na mama yangu sasa. Mama yangu aliyepona. Kageuka mzima mzima kwenye benchi, ameanza kukagua miguu ya washarika, mstari kwa mstari, jicho jipya hilo linafanya kazi, akafika safu ya tano upande wa kinamama akasimamisha kidole, akaniuliza kwa Kinyakyusa kama ndo yule. Namshukuru Mungu ilikuwa Kinyakyusa. Ila kidole hakina kabila, kanisa zima likafuata kidole mpaka kwenye kiatu chekundu, na mwenye kiatu akaanza kukirudisha chini ya benchi taratiiibu.

Mzee bado anasoma! Yeye yuko kwenye roho, hasikilizi anachosoma.

"Mzee Kesho. Soda kreti mbili, za kipaimara cha mtoto, ali..."

Kimya.

"Aliahidi..."

Kipaimara chenyewe ni cha mwaka jana, cha binti yake, na mi nilialikwa, nilikunywa soda zangu mwenyewe pale. Nikamwona anasoma ule mstari kwa macho tu, midomo imefungwa. Akausoma tena. Akavua miwani. Feni zinasikika. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasema, "Bwana ametenda mambo makuu," akaenda kukaa.

Mchungaji akapanda mimbarini, akainama, mabega yanatikisika, nilidhani anaomba. Kumbe wapi. Somo la siku hiyo halikuwa na madeni lakini yeye akayaleta, akatupeleka Mathayo 18, yule mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akatoka nje akamkaba koo mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari mia. Sijui alikuwa ananiangalia mimi, mi nilikuwa naangalia sakafu, sakafu yetu ina vigae vizuri sana sikuwahi kuona.

Tulivyotoka nje ni haraka haraka. Kiatu Chekundu akanifuata akanishushia Mathayo 6:12, "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu," kwa sababu anajua dukani nimebandika boksi lenye Warumi 13:8, "Msiwiwe na mtu cho chote, isipokuwa kupendana." Tukagombana kwa mistari pale mpaka mnada wa mazao ya sadaka ukaisha. Jioni akalipa nusu. Mama Nitakuletea Jioni kalipa asubuhi, maajabu hayo. Mzee Kesho ujumbe wa muamala wake uliingia kwenye simu kabla hata ya baraka za mwisho, niliusikia ukitetemeka mfukoni nikaogopa kuangalia. Karatasi hajarudisha. Mmoja amekuja kulalamika kwa nini yeye hakusomwa wakati anadaiwa kuliko wote, anaona nimemdharau.

Usiku mama akasali. Anasali kwa sauti huyo, nyumba nzima inasikia. Kashukuru jicho, kashukuru madaktari, afu akaanza kuwaombea wale watu, na majina yao hayajui, anajua yale aliyosikia, kwa hiyo ikawa Ee Bwana mkumbuke Kiatu Chekundu, mfungulie milango ya riziki, mkumbuke Besi Asiyejua Kuimba, mpe sauti na kazi, na Mzee Kesho, Bwana, mpe leo yake. Mke wangu amejifunika khanga anakufa kwa kicheko. Mi nikaitikia amina kila jina, ya kweli kabisa, kwa Besi nikaitikia mara mbili.

Na wewe muuza chipsi unayesambaza voisi noti kwenye magrupu, karatasi iliyosomwa ni ile moja. Kaunta buku bado ninalo, na jina nililokuandika humo mama ameshaliona, lenzi mpya hiyo, anasoma hata gizani.